Ushauri: Toyota 86, nifunge rimu 17, 18 au 19, na tairi saizi gani kwa barabara zetu?

KijanaWaTegeta

Wakuu, habari za humu.

Nimeingiza Toyota 86 ya 2013, GT, gia za mkono. Ipo kama ilivyotoka kiwandani: rimu za inchi 17, upana inchi 7, ET48 (ET ni ofseti, yaani milimita kati ya katikati ya upana wa rimu na uso inapofungwa; ikipungua rimu inatoka nje), tairi 215/45R17 (upana milimita 215, ubavu asilimia 45 ya upana, rimu ya 17). Shida ni kwamba tairi zimeisha na rimu moja ya mbele imepinda, nikifika 90 usukani unaanza kutetema. Nikaona badala ya kunyoosha rimu halafu ninunue tairi, bora nibadili vyote kwa mkupuo mmoja.

Nimezunguka madukani, machaguo ni haya:

A. Rimu 18x9.5 ET22, PCD 5x100 (matundu matano ya nati kwenye duara la milimita 100). Muuzaji anazitoa pamoja na tairi 225/40 zilizotumika. Hizi ndizo nilizozipenda, zina mdomo mzuri wa fedha.

B. Rimu 17x8 ET45, nyeusi, hazina mvuto sana. Tairi nitafute mwenyewe.

C. Jamaa yangu ananiambia nisipoteze muda, nivae 19 kabisa.

Matumizi: Tegeta mpaka Posta kila siku ya kazi, wikiendi Bagamoyo, na mwisho wa mwaka nyumbani Moshi. Sijaishusha ila nafikiria kuishusha kidogo baadaye. Nataka tairi zijae kwenye fenda, kwa sasa zimeingia ndani sana, gari linaonekana limekonda. Bajeti milioni mbili na nusu, ikizidi kidogo tutavumiliana.

Karibuni.

Sauti_ya_Injini

Nunua 19 mkuu. Gari ya michezo kwanza ni muonekano. Ukitaka raha ya matuta si ungenunua Prado?

MzeeWaAlaimenti

Kijana, usimsikilize huyo hapo juu, yeye hatakuwepo Korogwe usiku ukibadilisha tairi. Na sidhani kama 86 yako imekuja na tairi la akiba. Nyingi za GT zina kopo la dawa na kompresa tu. Tairi likipasuka ubavuni, ile dawa haisaidii kitu.

Tuanze na A, maana ndiyo uliyoipenda na ndiyo yenye matatizo mengi. Rimu yako ya sasa ni inchi 7. Ya inchi 9.5 imezidi kwa inchi 2.5, yaani milimita 63.5. Gawa kwa mbili: kama ofseti ingebaki 48, kila upande ungeongezeka karibu milimita 32. Lakini ofseti imeshuka kutoka 48 hadi 22, kwa hiyo rimu nzima inasogea nje milimita 26 zaidi. Jumla mdomo wa nje unatoka karibu milimita 58 kupita ulipo sasa. Karibu sentimita sita! Chukua rula uangalie sentimita sita ni kiasi gani kwenye fenda yako. Hapo hujaza fenda, umeivuka. Tope lote la mvua litaishia mlangoni, na ukipakia mtu nyuma ukapiga tuta, fenda inakaa juu ya tairi. Beringi nazo zitabeba mzigo uliosogezwa nje ya mahali pake, na usukani utaanza kuvutwa na kila mfereji wa barabara.

Halafu tairi 225/40R18 inatakiwa rimu ya kati ya inchi 7.5 na 9. Kwenye 9.5 inakuwa imevutwa kama ngozi ya ngoma, mdomo wa rimu uko wazi, shimo la kwanza linakula aluminiamu moja kwa moja. Wanaopenda staili hiyo wapo, ni gari zao. Wewe umesema Moshi.

B sasa. Inchi 8 kwa ET45: nje unapata karibu milimita 16, ndani unaingia karibu 10. Fenda inajaa kistaarabu, mbele haigusi shokapu, na hata ukishusha gari kidogo bado una nafasi. Kama ningekuwa mimi, mjadala ungeishia hapa.

Mdau_Kigamboni

Mkuu mbona unajitesa? PCD si ni 5x100? Ilala rimu za Premio na Wish zimejaa, 5x100 hizo hizo, bei chee. Toyota kwa Toyota.

Boxa_Mtupu

@Mdau_Kigamboni hapo utampoteza mwenzio. 86 ina nembo ya Toyota lakini miguu ni ya Subaru, hata injini ni FA20 ya Subaru. Premio na Wish ni 5x100 kweli, ila tundu la katikati la rimu zao ni milimita 54.1. Habu ya 86, yaani kitovu cha gari kinachoingia kwenye tundu hilo, ni 56.1. Milimita mbili tu, lakini rimu haikai. Nimeona fundi akitaka kuipiga na nyundo ya mpira mpaka nikamwondoa.

Nati nazo hivyo hivyo. Toyota za kawaida ni M12x1.5 (unene wa stadi milimita 12, nafasi kati ya nyuzi 1.5), 86 ni M12x1.25 kama Subaru. Nati ya Premio inaanza kuingia mizunguko michache halafu inagoma, fundi mwenye haraka anaweka bomba refu kwenye spana, stadi imekwisha. Nenda na nati zako.

Ukitaka tu kuziba pengo la rimu iliyopinda, tafuta ya Impreza au Forester za zamani zenye 5x100, tundu ni 56.1, inakaa bila maneno. Impreza STI, zile za michezo, kuanzia modeli ya 2005 ziache, zile ni 5x114.3.

Rimu za madukani zisizo za kiwandani mara nyingi zina tundu kubwa, 73.1 ni ya kawaida sana. Hizo zinakaa, ila uweke habu ringi (pete za kuziba nafasi kati ya tundu na habu) za 73.1 kwa 56.1, la sivyo ule mtetemo unaoukimbia utakufuata na rimu mpya.

KijanaWaTegeta

Asanteni sana, mzee nimekuelewa, rula nimeshika na nimecheka mwenyewe. A nimeiacha.

Maswali: kwenye 17x8 niweke 215/45 zile zile au 225/45? Na vipi nyuma niweke pana kuliko mbele kwa kuwa gari inasukumwa na tairi za nyuma? Kuna jamaa ana Mark X kafanya hivyo, imependeza.

Wanja_BRZ

Hujambo kaka, mimi niko Nairobi na ninaendesha BRZ, pacha wa hiyo yako. Nilianza na 18, tairi 225/40. Mjini zilikuwa sawa, gari ikikata kona inajibu haraka, sikatai. Lakini nikirudi usiku kwenye barabara ya Thika nikaingia shimo lililojaa maji, kesho yake asubuhi tairi ya mbele kushoto ilikuwa na nundu ubavuni, kubwa kama nusu ya limau. Nyuzi za ndani zilikuwa zimekatika. Tairi yenyewe ilikuwa bado mpya, vinywele vya kiwandani vingali vinaonekana.

Angalia ubavu tu, yaani mpira ulio kati ya rimu na lami. 215/45R17 yako ina karibu milimita 97. 225/45R17 ina 101. 225/40R18 ina 90. Na hiyo 19 ya rafiki yako, tuseme 215/35R19, ina 75. Nilirudi kwa 17, nikaweka 225/45, na sijatamani kitu kingine tangu hapo.

Kimo cha 225/45R17 kimezidi cha kiwandani kwa asilimia 1.4, kwa hiyo mshale ukisoma 100 umeongeza kama kilomita moja na nusu tu. Hakuna shida ya spidomita wala ABS. 225/40R18 inazidi kwa karibu asilimia 2, nayo bado ni sawa. Kitu cha kuogopa ni 235/40R18, ile inazidi asilimia 3 na huanza kusugua mbele ukikata usukani wote.

Kuhusu nyuma pana: usifanye hivyo kwa gari hii. Ni gari ya kilo 1,200 na kitu, farasi 200, na kiwandani tairi zote nne ni saizi moja. Ukiongeza mshiko nyuma peke yake, mbele ndiyo itaanza kuteleza kwanza, gari inakuwa nzito kwenye kona, ile raha uliyoinunua inapotea. Tena huwezi kuhamisha tairi za mbele nyuma ili ziishe sawasawa. Mark X ni sedani nzito yenye V6, ana hesabu zake.

Boxa_Mtupu

Dada Wanja kamaliza. Niongeze kidogo tu: kiwandani GT ilikuja na Michelin Primacy HP, tairi ya kistaarabu kabisa ambayo hata Prius iliwahi kuvishwa. Watu walilalamika kwamba gari ya michezo imevishwa viatu vya ofisini. Lakini Tetsuya Tada, mhandisi mkuu wa gari hiyo, alitaka dereva wa kawaida aisikie ikicheza kwa mwendo wa kawaida, si mpaka ufike 180. Sasa mtu anaifunga tairi pana za 245 zinazonata, halafu anakuja humu kusema gari haina nguvu. Rimu kubwa na tairi pana ni uzito, na injini hiyo ina torki ya Nm 205 tu. Utausikia huo uzito ukitoka Mombo unataka kupita lori.

Sauti_ya_Injini

Sawa, mmeshinda. Ila 19 ni nzuri kwenye picha.

MzeeWaAlaimenti

Kwenye picha hakuna mashimo.

Kijana, tairi 225/45R17 kwenye rimu ya 8 ziko ndani ya kipimo, zinakubali inchi 7 hadi 8.5. Tairi za kiwandani zilikuwa na namba ya mzigo 87, yaani kilo 545 kila moja. Usishuke hapo. Nyingi za 225/45R17 ni 91 au 94, kwa hiyo umezidi. Soma tarehe ubavuni, tarakimu nne za mwisho baada ya DOT: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Duka jingine litakuambia "mpya kabisa", na ni mpya kweli, haijawahi kugusa lami, ila imekaa juani nje ya duka miaka mitano. Kama ni mtumba, pitisha kiganja kwa ndani kabisa. Ukikuta kiraka ubavuni, iache hapo hapo.

Na rimu za B usizilipie kabla hazijazungushwa kwenye mashine ya kubalansi bila tairi.

KijanaWaTegeta

Mrejesho wakuu. Jumamosi nimeenda na nati zangu, kipimo na fundi wa mtaani. Tumezizungusha zote nne. Mbili zimenyooka kabisa. Ya tatu ina mkunjo mdogo kwa ndani, fundi anasema unanyooka. Ya nne ikawa inazunguka vizuri tu, ila fundi akachukua kitambaa chenye petroli akafuta rangi nyeusi kwa nyuma, chini ya spoku mbili, ukatokea mstari wa kuchomelea wa urefu wa kidole. Rangi ilikuwa bado laini. Muuzaji akasema hata yeye ndiyo kwanza anaona.

Ana seti nyingine ya 17x7.5 ET48 tundu 73.1, imenyooka yote, bei imepanda kidogo. Niichukue?

Wanja_BRZ

Chukua hiyo. 7.5 kwa ET48 inaongeza kama milimita 6 kila upande, si nyingi, lakini 225/45 inakaa vizuri sana. Dai habu ringi ziwe ndani ya bei.

MzeeWaAlaimenti

Chukua, na ile iliyochomelewa usiipokee hata kwa bure. Kuonekana kukonda utakumaliza ukiishusha, sentimita mbili zinatosha, usizidishe kwa hayo matuta ya Same. Habu ringi zipakwe grisi kidogo kabla ya kufunga, zisije zikaganda. Alaimenti ifanyike siku hiyo hiyo, upepo ufuate stika ya mlango wa dereva. Nati zikazwe kwa mkono kwanza, kwa mtindo wa nyota, gari likiwa juu, halafu spana ya torki gari likiwa chini. Usikubali wakaze kwa bunduki ya upepo mpaka mwisho. Ukishatembea kilomita 50 mpaka 100, zikague tena.

Mdau_Kigamboni

Ile rimu yako ya kiwandani iliyopinda unauza? Nina Impreza.

KijanaWaTegeta

@Mdau_Kigamboni hiyo inanyooshwa, inabaki ndani kama ya akiba. Nimeshamsikia mzee kuhusu Korogwe.