Andiko letu la mikoko limekataliwa mara mbili, kosa liko wapi?

Katibu_Jomvu:
Asalaam aleikum. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama 25 huku Jomvu, Mombasa, tuna kitalu cha mikoko kando ya hori. Tumeomba ruzuku mara mbili na mara zote mbili jibu ni mstari mmoja: hamkufaulu. Andiko lina kurasa 19. Lengo limeandikwa hivi: "Kuhamasisha jamii na kupanda miche 10,000 ili kuboresha mazingira na kupunguza umaskini." Bajeti ni shilingi 1,450,000. Kijana tuliyemlipa 15,000 atuandikie asema halina kosa. Wenzangu washaanza kuniangalia vibaya.

MzeeWaRisiti:
Waaleikum salaam dada. Nimekuwa mhasibu wa shirika moja hapa mjini na nimekaa sana kwenye meza ya kuchambua maombi. Mimi nilikuwa naanza na bajeti, hadithi baadaye. Hadithi hupambwa.

Hilo lengo lako ni manne yamefungwa kamba moja. Umaskini uache, hamtaupunguza kwa kitalu kimoja na msomaji ajua. Halafu miche 10,000 ni kazi mtakayofanya. Anayetoa pesa ataka kujua mingapi itakuwa hai baada ya mwaka, nani ataihesabu, na mwezi gani. Semeni wazi kuwa mingine itakufa, mtenge pesa ya kupanda tena palipokufa. Anayeahidi kuwa yote itashika huonekana hajawahi kukanyaga tope.

Na jasho lenu mmeliandika? Akina mama 25, siku mbili kwa wiki, wiki 48: hizo ni siku za kazi 2,400. Zikitiwa 500 kila siku, ni shilingi 1,200,000 mnazochangia nyinyi wenyewe. Wengi huomba kama watu waliokuja mikono mitupu, kumbe wao ndio wafadhili wa kwanza.

Mvuvi_wa_Tudor:
Mimi sijui maandiko, lakini je, mmesema mwapanda mti gani na wapi? Mkoko wenyewe ukiupeleka mbele kabisa, mahali pa mlilana, ile aina ya mikoko inayoota upande wa bahari, bamvua moja tu, yale maji makuu, umeng'oka. Mtu wa taasisi ya utafiti wa bahari akisoma "miche" bila jina, atacheka.

Dada_Kisauni:
Cheti pia. Vikundi vya jamii sasa viko chini ya sheria ya usajili ya 2022. Kama chenu ni cha zamani, anzieni hapo. Na kurasa 19 za nini jamani? Kama wameomba 8, wapeni 8.

Katibu_Jomvu:
Ahsanteni. Nimejaribu: "Baada ya miezi 12, miche 6,000 ya mikoko ya aina mbili, mkoko na mchu, kati ya 8,000 tutakayopanda iwe hai, ikihesabiwa na wanakikundi kila baada ya miezi mitatu."

MzeeWaRisiti:
Hiyo naisoma. Sasa fungua bajeti, kila pesa iangalie sentensi hiyo. Isiyohusika, itoe.

Katibu_Jomvu:
Nimeifungua. Kuna "vifaa vya kitalu, 300,000". Mzee, sisi twaotesha kwenye pakiti za maziwa tunazookota, na majembe tunayo matatu. Ngoja nimpigie yule kijana.