Uhandisi Umeme: Mlimani au DIT? Siku za kuthibitisha zimebaki nne

Mkaa_Tabora

Wakuu, salaam.

Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita, PCM: Fizikia C, Kemia D, Hisabati C. Raundi ya kwanza kachaguliwa vyuo viwili kwa mpigo, na lazima athibitishe kimoja: Uhandisi Umeme UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani) na Uhandisi Umeme DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam). Vyote miaka minne. Mkopo kaomba HESLB (Bodi ya Mikopo), majibu bado. Dar tuna ndugu mmoja tu, anakaa Kimara.

Kinachotuchanganya ni kwamba cheti cha UDSM kinaandikwa shahada ya sayansi katika uhandisi, cha DIT kinaandikwa shahada ya uhandisi. Mtaani tunaambiwa DIT ni chuo cha mafundi, ukitoka huko bodi haikusajili kama mhandisi. Wengine wanasema Mlimani ni makaratasi matupu, mtu anamaliza hajui kufunga kontakta (swichi ya kuwasha mota). Nani mkweli? Na gharama zinatofautianaje? Naomba majibu ya wanaojua, si ushabiki wa Simba na Yanga.

---

Fyuzi_13A

Mkuu, tuanze na la bodi maana ndilo linalopotoshwa zaidi.

Bodi ya Usajili wa Wahandisi (ERB) inafanya kazi kwa Sheria Na. 15 ya mwaka 1997. Haisomi kichwa cha cheti ikaishia hapo. Inaangalia kama programu inatambuliwa kuwa ya uhandisi kwa ngazi ya shahada. Mhitimu wa umeme wa UDSM na wa DIT wote wanasajiliwa daraja lile lile: mhandisi mhitimu. Baada ya hapo kuna mafunzo ya kazini ya miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa (ule mpango wa SEAP, ulioanza 2003), ndipo mtu anaomba kupanda kuwa mhandisi mtaalamu. Hakuna foleni ya Mlimani na foleni ya DIT.

Hiyo habari ya "chuo cha mafundi" ina asili yake. DIT ilianza mwaka 1957 kama chuo cha ufundi, na kwa miaka mingi ilitoa FTC, cheti cha fundi sanifu. Ilipata sheria yake na kuwa taasisi mwaka 1997. Wazee wengi bado wanaikumbuka ile ya FTC. Stashahada ya fundi sanifu ipo hadi leo, na mwenye stashahada husajiliwa kama fundi sanifu. Huyo ndiye watu wanamchanganya na mwenye shahada kwa sababu wametoka geti moja.

Ngazi nayo isikutishe. DIT inaandika NTA 8 (ngazi ya 8 ya tuzo za ufundi), UDSM inafuata mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ambao shahada ya kwanza ni ngazi ya 8 pia. Ni jengo moja, milango miwili. Tangazo la kazi Ajira Portal (tovuti ya ajira za serikali) linaposema shahada ya uhandisi umeme kutoka chuo kinachotambulika, wote wawili wanaingia.

Pa kuwa macho ni neno "teknolojia". Kenya, kwa mfano, mwenye shahada ya teknolojia ya uhandisi hasajiliwi na bodi ya wahandisi. Ana bodi yake ya wanateknolojia. Kwa hiyo popote uendako soma jina la programu lote mpaka neno la mwisho, kisha uliza bodi husika. Kwa hizi mbili za mdogo wako, hilo halipo.

---

Waya_Tatu

Naunga mkono hapo juu. Niongeze la maabara, maana ndipo "makaratasi" na "vitendo" vinapojulikana, na huwezi kuvijua kwa kusoma tovuti. Siku nne zinatosha kwenda kuangalia.

Akiwa Kimara, apande mwendokasi asubuhi moja kwa moja hadi kituo cha DIT. Kiko mlangoni kabisa. Siku hiyo hiyo arudi, ashuke Ubungo, apande daladala ya Chuo hadi Mlimani. Aende katikati ya wiki, aende idarani aombe kwa adabu kuonyeshwa maabara ya mashine za umeme. Ikiwa ni likizo, fundi wa maabara huwa yupo, na huyo ndiye mtu wa kuongea naye kuliko mhadhiri.

Asiulize "mna vifaa?" Jibu litakuwa ndiyo, kila chuo kina vifaa. Aulize hivi:

Jaribio moja hufanywa na watu wangapi kwa meza? Wanne ni sawa: mmoja anaunga waya, mmoja anahakiki saketi kabla ya kuwasha, mmoja anasoma mita, mmoja anaandika. Wakifika kumi, sita ni watazamaji, na ripoti wanadesa.

Jaribio la transfoma bila mzigo na lile la kuifunga shoti, kila mwanafunzi analiunga mwenyewe walau mara moja? Hayo mawili ni kipimo kizuri kwa sababu ni ya msingi kabisa na yanahitaji vitu vichache: transfoma ndogo, variaki (kifaa cha kupandisha na kushusha volti), voltimita, amita na watimita. La kwanza unaweka volti kamili upande wa volti ndogo, unapata upotevu wa kwenye chuma. La pili unafunga shoti upande wa volti ndogo, unapandisha volti taratibu upande wa pili hadi ifike ampea kamili, unapata upotevu wa kwenye shaba. Ikiwa hata hili "mwalimu huonyesha mbele", ya mota za fezi tatu yatakuwa hadithi.

Vipuri vinatoka wapi? Hili hawaulizi wengi. Mashine kubwa haifi ovyo. Kinachosimamisha maabara ni brashi za mota ya DC zimeisha, fyuzi ya watimita imeungua kwa sababu mwanafunzi kaunga koili ya ampea sambamba na saketi, au probu za osiloskopu zimekatika waya. Vitu vya bei ndogo. Maabara yenye kabati la vipuri na daftari la matengenezo inafanya kazi. Maabara yenye mashine mpya iliyofunikwa nailoni haifanyi.

PLC (kompyuta ndogo za kuendesha mitambo) zipo ngapi, na wanafunzi wanaingia nje ya ratiba? Saa mbili za ratiba kwa wiki hazimfundishi mtu PLC.

Akishafanya hivyo vyuo viwili kwa siku moja, atakuwa na jibu bora kuliko letu sote humu.

---

Mkaa_Tabora

Shukrani sana wakuu. Hapo kwa bodi roho imetulia. Swali dogo: yeye ni mtu wa hesabu, darasani anaenda vizuri, ila mikono yake mizito kidogo. Hilo linaelekeza wapi?

---

Nguzo_ya_Zege

Hapa naomba kupingana kidogo na mtiririko. Watu husema "nenda kwenye nguvu yako", eti mtu wa hesabu aende Mlimani, mtu wa mikono DIT. Mimi naona ni kinyume. Mtu mwenye hesabu nzuri na mikono mizito ndiye anayefaidika na mfumo unaomlazimisha kuingia karakana mapema. Hesabu ataibeba popote. Hesabu za Laplace za Mlimani na za DIT ni zile zile.

Ila kuna kitu kimoja cha Mlimani ambacho DIT haiwezi kukupa, nacho ni upana. Uhandisi pale upo tangu 1973, na umezungukwa na chuo kizima: hisabati, fizikia, jiolojia, uchumi, sheria. Mwaka wa nne ukitaka mradi wa umeme wa jua vijijini unaohitaji mtu wa uchumi, yuko ng'ambo ya barabara. Maktaba mpya iliyofunguliwa 2018 inaingiza watu 2,100 kwa wakati mmoja. Na kwa anayefikiria shahada ya pili, ni rahisi kuwafahamu wasimamizi mapema.

DIT nayo ina kitu ambacho Mlimani haina: iko mjini. Kariakoo ni mwendo wa miguu. Mradi wa mwisho ukikwama kwa kukosa relei ya volti 12 au IC ya mia tano, unatoka, unanunua, unarudi kabla kipindi hakijaanza. Anayeijua kazi ya kuunda saketi ataelewa hilo lina uzito gani. Kutoka Mlimani hiyo ni nusu siku.

Tahadhari ya Mlimani: masomo ya mwaka wa kwanza huchangiwa na programu nyingi, kumbi zinajaa, na hakuna anayekufuatilia. Sasa fanya hesabu. GPA (wastani wa alama) ya UDSM ni ya 5, daraja la kwanza linaanzia 4.4. Mwaka mmoja ni krediti 120 hivi. Ukimaliza mwaka wa kwanza na 3.0, ili ufike 4.4 unahitaji wastani wa karibu 4.87 miaka mitatu inayofuata. Kwa maneno mengine, haiwezekani kwa binadamu wa kawaida. Ukipiga 4.5 miaka yote mitatu unaishia 4.1, daraja la pili la juu. Watu wengi wanagundua hili mwaka wa tatu. Kwa hiyo madesa yaanze wiki ya kwanza, si wiki ya tesiti.

---

Waya_Tatu

@Nguzo_ya_Zege hapo kwa mikono mizito umenigeuza. Ila usisahau fildi. Mafunzo kwa vitendo kazini ni kwa kawaida wiki 8 kila likizo ndefu, na hayo yanaweza kuziba pengo la chuo chochote au kulipanua. Barua za kuomba nafasi zitoke Januari au Februari, si Juni. Migodi, viwanda vya saruji na TANESCO hujaza mapema. Anayechelewa huishia ofisi ambako atapiga fotokopi wiki nane na kugongewa muhuri kwenye logibuku. Afike na ombi mahususi: "naomba wiki mbili kwenye matengenezo ya paneli, wiki mbili kwenye mota". Msimamizi akiona unajua unachotaka anakupanga; usipojua anakuacha benchi.

---

Bumu_Halitoshi

Mimi naingia kwenye pesa, maana wote mmeruka.

Mkopo haujali jina la chuo. HESLB wanapanga kwa uhitaji, na uhandisi uko kwenye vipaumbele. Chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, vitabu na shajala 200,000 kwa mwaka, na fildi ina fungu lake. Kwa hiyo tofauti ya kweli kati ya vyuo hivi viwili ni pa kulala na nauli.

Mlimani kuna mabweni mengi: ya ndani, Mabibo, na yale ya Magufuli yaliyofunguliwa 2017 yenye nafasi 3,840. Si kila mtu anapata, lakini mwaka wa kwanza nafasi ni nzuri akiomba mapema. DIT mabweni ni machache, wengi wanapanga geto Magomeni, Manzese au Kigogo. Geto maana yake kodi ya miezi mitatu au sita mkononi, godoro, jiko, na nauli. Ukikadiria nauli 1,500 kwa siku, siku 5, wiki 32, ni 240,000 kwa mwaka. Hiyo peke yake imeshapita fungu la vitabu.

Kukaa Kimara kwa ndugu ni nafuu kwa vyote viwili, na kwa DIT ni basi moja tu. Asubuhi akipandia Kimara mwisho atapata kiti. Jioni kurudi ni kusimama, na kusoma usiku kwenye sebule ya watu ni suala jingine; mlijadili hilo na mwenye nyumba kabla, kwa uwazi.

Msisahau bima ya NHIF ya mwanafunzi, 50,400 kwa mwaka. Na aende na pesa ya kula ya wiki nne hadi sita. Bumu (pesa ya mkopo) la kwanza lina tabia ya kuchelewa, na chuo hakitamngoja ndipo kianze vipindi.

---

Fyuzi_13A

Kwa kuongezea: kama anafikiria kujitegemea kwenye ufungaji wa umeme majumbani na viwandani, usajili wa ERB hautoshi. Leseni ya ufungaji inatolewa na EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) kwa madaraja, na wanadai uthibitisho wa kazi ulizofanya. Kila kazi ya fildi aitunzie picha ya mchoro, orodha ya vifaa na sahihi ya msimamizi.

---

Mkaa_Tabora

Wakuu Mungu awabariki. Tumeamua: kesho kutwa anaingia Dar, anakwenda na orodha ya Waya_Tatu DIT asubuhi na Mlimani mchana. Nimemwambia akirudi aniambie kabati la vipuri, si rangi ya majengo. Kuthibitisha anafanyaje hasa? TCU au chuoni?

---

Bumu_Halitoshi

Kwenye akaunti yake ya chuo alichokichagua, si TCU. TCU inatuma namba maalumu kwa SMS, anaiingiza kwenye mfumo wa kile chuo. Namba isipofika, ndani ya akaunti hiyo hiyo kuna pa kuiomba tena.

Sasa angalieni jambo hili leo leo: kama maombi aliyafanyia steshenari, hakikisheni namba ya simu iliyojazwa ni yake. Mara nyingi kijana wa steshenari anaweka namba yake ili kazi iende haraka, na SMS inaingia kwenye simu iliyoko Tabora mjini huku mtoto yuko Dar. Ikiwa ndivyo, abadilishe namba kwenye akaunti kwanza, ndipo aombe namba maalumu upya. Asingoje siku ya mwisho usiku. Mfumo huwa unazidiwa.

---

Mkaa_Tabora

Ni steshenari. Na namba si yake. Nakwenda sasa hivi.