Goti bandia: vifaa vya kawaida, kompyuta au roboti? Tulinganishe mhimili

Mpwa_Mtiifu
Wakuu, salaam. Mama mkubwa ana matege yaliyozidi uzeeni, gegedu ya upande wa ndani wa goti imekwisha, na daktari ameshasema sasa ni goti bandia tu. Tumeuliza sehemu tatu. Ya kwanza wanatumia vifaa vya kawaida, ya pili wanaongozwa na kompyuta, ya tatu wana roboti. Wote wanaahidi mguu "utanyooka". Kunyooka huko ni nini hasa, na tofauti zao ni za kweli au ni biashara?

Mkata_Mifupa
Nianze na kunyooka. Chora mstari kutoka katikati ya kichwa cha mfupa wa paja, kule nyongani, hadi katikati ya kifundo cha mguu. Mstari huo ndio mhimili. Ukipita katikati ya goti, mguu una digrii 180. Hiyo ndiyo shabaha tuliyofundishwa wengi wetu, na kupotoka hadi digrii 3 upande wowote kumehesabiwa kuwa sawa.

Tatizo ni kwamba ukiwa umefungua goti, nyonga huioni. Kwa vifaa vya kawaida unatoboa paja kutokea gotini, unapitisha chuma kirefu ndani ya uboho, kisha unakata kwa pembe ya digrii 5 hadi 7 kutoka kwenye chuma hicho, maana mfereji wa uboho hauendi sambamba na mhimili. Kwenye ugoko, chuma cha kuelekezea mara nyingi hukaa nje ya ngozi. Paja likiwa limepinda, au lina skrubu za ajali ya zamani, hesabu yote inaharibika.

Kwa kompyuta, vialama vinafungwa kwa pini kwenye paja na ugoko, kamera ya infraredi inavifuatilia. Unazungusha mguu, kompyuta inakokotoa yenyewe kitovu cha nyonga kilipo. Kisha unagusa kwa kalamu maalumu pande mbili za kifundo na alama za goti. Hakuna chuma cha kupitisha kwenye uboho. Operesheni ya kwanza ya aina hii ilifanyika Grenoble, Ufaransa, Januari 1997. Kwa pembe inayoonekana ukiutazama mguu kutoka mbele, kompyuta inashinda: miguu inayoangukia nje ya zile digrii 3 inapungua waziwazi.

Nesi_Zamu_ya_Usiku
Kwenye pini msipite mbio. Ni matundu ya ziada kwenye mfupa mzima. Kuvunjika mfupa kupitia tundu la pini ni nadra, lakini kupo, na huweza kutokea wiki kadhaa baadaye mgonjwa akiwa ameshaanza kutembea. Muda wa operesheni nao unaongezeka. Na mtu akikigonga kialama kikasogea kidogo, kompyuta inaweza kuendelea kutoa namba kana kwamba hakuna kilichotokea, mpaka mtu arudie kuhakiki.

Mbishi_Asilia
Sawa, picha inapendeza. Mgonjwa je? Mayo Clinic, hospitali ya Marekani, walichapisha mwaka 2010 ufuatiliaji wa magoti 398 kwa miaka 15: yaliyokuwa ndani ya digrii 3 hayakudumu muda mrefu zaidi kuliko yaliyokuwa nje. Korea Kusini, Kim na wenzake waliwawekea watu walewale goti moja kwa kompyuta na la pili kwa vifaa vya kawaida. Zaidi ya miaka 10 baadaye, hakuna tofauti ya maana.

Mkata_Mifupa
Mkuu, umesahau upande wa pili. Rejista ya taifa ya viungo bandia ya Australia, kwenye uchambuzi uliotoka 2015, ilionyesha kuwa kwa wagonjwa wa chini ya miaka 65 magoti ya kompyuta yalirudiwa kufanyiwa operesheni kwa kiwango kidogo zaidi kufikia mwaka wa 9. Tofauti si kubwa, lakini ipo. Mama mkubwa akiwa na miaka 78 na paja lisilo na kasoro, mimi sitamsumbua mtu kutafuta kompyuta. Akiwa na chuma cha zamani ndani ya paja, nitaitafuta.

Mbishi_Asilia
Hilo nalikubali. Ila namba hizo zote zinachukulia kuwa 180 ndiyo shabaha ya kila mtu. Fundi mwenye timazi nzuri bado anaweza kujenga ukuta mahali pasipotakiwa. Bellemans na wenzake, Ubelgiji, waliwapima vijana wazima mwaka 2012: 32% ya wanaume na 17% ya wanawake walikuwa na matege ya asili ya digrii 3 au zaidi. Ukimnyoosha mtu wa namna hiyo hadi 180, huenda ukalazimika kulegeza kano ambazo hazikuwa na kosa.

Fizio_Mstaafu
Ndipo ilipozaliwa ile njia ya kurudisha mguu kama ulivyokuwa kabla ya ugonjwa, aliyoieneza Stephen Howell wa Marekani. Wengi wanaoifuata huweka mipaka, kwa sababu kipande bandia cha ugoko kikiinamia ndani kupita kiasi, mzigo unaelemea upande mmoja na hofu ni kipande hicho kulegea. Na mzunguko wa kipande bandia cha paja? Huo ndio unaoamua jinsi kifuniko cha goti kitakavyoteleza. Kompyuta hapo inategemea alama alizogusa mpasuaji. Akigusa pembeni, jibu nalo litakuwa pembeni.

Mkata_Mifupa
Kweli kabisa. Kuhusu roboti, kwa ufupi: ndani yake ni kompyuta ileile ya kuongoza, pamoja na mkono unaouzuia msumeno kutoka nje ya mpango, au unaoshikilia kielekezi mahali pake. Mako, mojawapo ya roboti hizo, huanza na CT skani, mifumo mingine haihitaji. Pini zipo vilevile. Faida yake ni kufikia kwa uhakika pembe uliyoichagua, hata ikiwa si 180. Kuichagua bado ni kazi ya mtu.

Mpwa_Mtiifu
Basi nimwulize nini daktari?

Mkata_Mifupa
Mwulize analenga pembe gani kwa mguu huu na kwa nini, kabla hujauliza habari ya mashine. Akikujibu "180 kwa wote", si kosa, ni shule ya zamani yenye rekodi ndefu. Mwulize pia ni njia ipi anaitumia kila wiki. Aliyezoea vifaa vya kawaida namwamini kuliko anayejifunzia roboti kwa mama mkubwa.

Mpwa_Mtiifu
Eksirei tuliyo nayo inaonyesha goti tu, juu kidogo na chini kidogo.

Mkata_Mifupa
Hiyo haikupi mhimili. Ombeni ndefu, nyonga hadi kifundo, miguu yote miwili, akiwa amesimama na vifuniko vya magoti vikitazama mbele. Mguu ukigeuka kidogo, pembe inadanganya. Kama goti la pili bado ni zima, litasaidia kukisia matege ya asili yalikuwa kiasi gani.