Setilaiti iko juu ya Mogotio yetu lakini nafasi inayokaa huko juu ni ya wengine, serikali imelala tangu 1976!!

Wakuu, leo nina hasira na mnisamehe nikirukaruka. Mimi ni fundi wa madishi hapa Nakuru, na kila nikifunga dishi lazima mteja aulize, fundi mbona umelilaza hivi linaangalia mawingu? Namwambia mama, setilaiti yenyewe iko utosini kwetu. Hata huwa natoboa katundu chini ya dishi maana mvua ikinyesha maji yanatuama humo.

Sasa sikieni. Setilaiti tunayoitegea hizi dikoda iko digrii 36 mashariki, na hizi zinazozunguka sambamba na dunia mpaka unaziona zimekaa mahali pamoja, zote lazima zikae juu ya mstari wa ikweta, kama kilomita 36,000 kwenda juu. Haya chukua ramani uone digrii 36 inakutana na ikweta wapi. Ni Mogotio jameni! Mogotio ya Baringo, pale watu husimama kupigwa picha kwenye alama ya ikweta. Na mwenye setilaiti ni Eutelsat, kampuni ya Ufaransa.

Kinachoniuma ni kwamba wazee wetu waliliona hili mapema. Desemba 1976 Kenya ilikuwa Bogota pamoja na Uganda, Zaire, Congo, Colombia, Ecuador, Indonesia na Brazil, wakasema hiyo anga juu ya ikweta ni mali ya nchi zilizo chini yake. Mataifa makubwa yakakataa, yakasema mkataba wa anga wa 1967 unakataza nchi yoyote kujimilikisha anga. Sawa, mimi hata hilo nalikubali, hakuna wa kumiliki mbingu. Lakini mbona anayewahi ndiye anayekaa?? Maana utaratibu wa ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa kule Geneva, ukitoa zile nafasi chache ambazo kila nchi ilishatengewa, ni serikali yako ipeleke maombi ya nafasi na masafa (mawimbi ya kurushia), ielewane na wenye setilaiti za jirani huko juu, na una miaka 7 tangu uombe setilaiti iwe inafanya kazi, la sivyo unapoteza. Na ukishakaa hutoki, setilaiti ikizeeka unapeleka nyingine palepale. Hii ya juu ya Mogotio, Eutelsat 36B ilirushwa 2009, ikachoka, Machi 2024 wakarusha 36D kuchukua kazi yake. Wewe unayengoja ipatikane nafasi utangoja mpaka lini?

Msiniambie sisi ni maskini. Tonga, visiwa vidogo vya huko Pasifiki, mwishoni mwa miaka ya 80 waliomba nafasi 16, wakapigiwa kelele na dunia nzima na bado wakatoka na kadhaa. Nigeria wana setilaiti yao ya mawasiliano, Angola wamerusha ya pili 2022. Rwanda, nchi haina hata bahari, 2021 ilipeleka ITU maombi ya setilaiti zaidi ya laki 3! Zitarushwa zisirushwe mimi sijali, angalau walienda wakapanga foleni. Sisi tulirusha setilaiti yetu Taifa-1 2023, nzuri na niliifurahia kweli, lakini hiyo ni ya kuzunguka karibu na dunia ikipiga picha, haikupi TV wala simu.

Halafu huku chini masafa wanayajua vizuri. Jamaa yangu mmoja alitaka kuweka dishi la intaneti la kutuma na kupokea kwenye shule ya huko ndani Baringo, aliambiwa leseni, ada ya masafa, fomu ile, rudi wiki ijayo, amezungushwa mpaka mwalimu mkuu akachoka, watoto wakabaki hivyo hivyo. Kukusanya ada ya mawimbi wako macho, kwenda kudai mahali pa kuyarushia hawaonekani.

Mimi nataka kitu kimoja tu. Serikali ituwekee wazi ni nafasi zipi za obiti, yaani hizo za setilaiti huko juu, ziko kwa jina la Kenya, ziliombwa mwaka gani, na ile miaka 7 inaisha lini. Kuna mtu humu aliyewahi kufanya kazi ya masafa serikalini? Hiyo orodha ipo au haipo?