MREJESHO: Yule niliyedharauliwa chuoni kwa kuingia na diploma

Wakuu, nimerudi. Mwezi uliopita niliomba ushauri: nimeingia chuo kikuu kwa diploma ya umeme, na wenzangu wa kundi waliotoka fomu siksi wananiona wa kuokotwa. Kila stori ni "mimi Divisheni Wani ya pointi 4", "sisi watu wa PCM" (Fizikia, Kemia na Hisabati). Hata chuo nilichosomea diploma walikiita chuo cha kata.

Wengi mlisema nihame kundi. Sikuhama. (Mlioshauri niwatukane, asanteni kwa moyo, lakini hapana.)

Basi tukapewa zoezi la karakana: kuwasha mota ya fezi tatu kwa staa-delta, yaani inaanza kwa muunganisho wa staa ili isivute mkondo mkubwa, kisha inahamia delta. Yule wa pointi 4 akapiga hesabu zote za mkondo, safi kabisa. Kisha akabaki anaitazama kontakta (swichi inayovutwa na sumaku ya umeme) kama ameona nyoka. Nikafunga waya mimi, nikamwonyesha kwa nini kontakta ya staa na ya delta lazima zizuiane, maana zikishika pamoja ni shoti. Jamaa kimya. Baadaye: "Kaka, haya mlifundishwa wapi?" Kule kule chuo cha kata, ndugu yangu.

Si kwamba mambo yamekuwa asali. Mmoja bado hata salamu yangu anaipokea kwa pua. Na nakiri, hesabu za Laplace zinanitoa jasho. Pointi 4 ananifundisha jioni, namlipa chipsi mayai. Jumatatu tuna jaribio.