Kompresa ya nyumbani: lita 24 au 50? Au gari ni la fundi tu?

Chuma cha Tabata
Wakuu, habari zenu. Nina Toyota IST, na nyuma ya nyumba nina sehemu ya saruji iliyonyooka. Nataka kuanza kufanya mwenyewe kazi ndogondogo: kumwaga oili, plagi, brekipedi, kubadilisha tairi. Nimetenga laki sita. Nichukue kompresa, ile mashine ya kubana hewa, yenye tanki la lita 24 au 50? Na nianze na kompresa au na spana? Mafundi wamenichosha. Unaacha gari na vifaa vyake vizima, unarudishiwa likiwa na vifaa vya gari la mtu mwingine. Naomba wanijibu wanaotumia, si wauzaji.

Mbagala Rangi Tatu
Mkuu, achana na kompresa kwanza. Katika kazi zote ulizotaja hakuna inayodai upepo zaidi ya kujaza tairi, na hiyo inafanywa na pampu ndogo ya volti 12 unayochomeka pale pa kuwashia sigara. Anza na soketi. Toyota nyingi zinataka 8, 10, 12, 14, 17, 19, na 21 ya nati za tairi. Plagi za IST ni soketi ya 16 ndefu yenye mpira ndani, bila huo mpira plagi utaiacha shimoni. Chukua za pembe sita. Za pembe kumi na mbili zinakula kichwa cha bolti yenye kutu. Baada ya hapo jeki ya magurudumu na stendi mbili za chuma. Usiingie chini ya gari lililosimama juu ya jeki peke yake, wala juu ya tofali. Tofali la saruji halitoi onyo, linasagika ghafla.

Fundi wa Gerezani
Nimesoma hadi hapo kwenye "vifaa vya gari la mtu mwingine" nikashindwa kuendelea. Nimeanza kazi hii sijaota ndevu. Nimekula vumbi la brekipedi la magari ya watu ambao leo wananipita barabarani bila salamu. Ukiibiwa na mtu mmoja, kwa nini unaandika "mafundi"? Mteja anakuletea filta ya oili ya bei ya chini kuliko zote sokoni, unamkataza, anakwambia "wewe weka tu". Ikivuja, mwizi ni fundi. Nenda kanunue kompresa yako, sitakuzuia. Ila ukikata uzi wa tundu la plagi kwenye kichwa cha injini cha aluminiamu, usiniletee usiku kwa siri.

Chuma cha Tabata
Fundi, sijakutaja wewe. Mimi nimeuliza kompresa.

Fundi wa Gerezani
Umesema mafundi. Mimi ni fundi.

Binti Kigamboni
Fundi, heshima yako kaka, lakini na sisi tusikilizwe. Gereji moja niliambiwa shokapu zote nne zimekufa, nilete hela kesho yake. Nikaenda kwa mtu mwingine, akatikisa tairi, akanionyesha stebilaiza linki moja iliyolegea. Kifaa kidogo kabisa. Nina uhakika kaka yangu angepeleka gari lile lile asingeambiwa shokapu nne. Ndiyo maana nikanunua vifaa vyangu. Oili namwaga mwenyewe, brekipedi nabadilisha mwenyewe, na sina kompresa. Nina mashine ya betri ya kufungulia nati, volti 20, inaondoa nati za tairi bila kelele za kompresa na bila waya. Mleta mada, laki sita yako iende huko.

Kidume cha Temeke
Mashine ya betri ni ya kufungulia magari ya akina dada. Nati iliyokaa miaka na kutu la pwani inataka upepo.

Binti Kigamboni
Kutu la pwani unanifundisha mimi ninayevuka na pantoni? Nati haijui aliyeshika mashine ni nani. Inajua nguvu ya kuzungusha tu, na hiyo imeandikwa kwenye boksi la mashine. Kompresa ya lita 24 ukiiwekea bunduki ya upepo ya kufungulia nati, ya nusu inchi, unafungua nati mbili tatu, kisha unakaa kusubiri tanki lijae. Hilo hulisemi.

Mbagala Rangi Tatu
Dada yuko sahihi, na hapo ndipo wengi wanapigwa. Wanaangalia nguvu za farasi za mota na ukubwa wa tanki. Muhimu ni lita za hewa kwa dakika, tena zile zinazotoka, si zile zinazovutwa. Kibandiko cha mashine nyingi ndogo kinaandika zinazovutwa, na zinazotoka huwa pungufu sana. Bunduki ya kufungulia nati inataka kama lita 110 hadi 140 kwa dakika kwenye presha ya psi 90. Ukitaka kupiga rangi au kusugua bodi, hapo ni 200 kwenda juu, na hata ya lita 50 itahema. Tanki kubwa linachelewesha tatizo tu.

Cheti Kwanza
Mnajadili farasi na lita, mnaacha chanzo. Chanzo ni gereji bubu. Kila kona, chini ya kila mwembe, kuna mtu na spana tatu anajiita fundi. Asiye na cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, asiguse gari la mtu. Zifungwe zote, tuone kama kuna mtu atataka kompresa nyumbani kwake.

Fundi wa Gerezani
Sasa wewe ndiye niliyekuwa nakusubiri. Cheti kiliwahi kukaza nati? VETA wenyewe wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunza kazini anapimwa kwa vitendo, akiweza anapewa cheti. Maana yake wanakubali kwamba ujuzi unapatikana hata chini ya mwembe. Wewe unataka kufunga watu waliosomesha watoto kwa hiyo spana.

Cheti Kwanza
Kama utaratibu upo, kwa nini hamuendi? Swali rahisi.

Kirinyaga Road
Salamu kutoka Nairobi. Hii vita ya makanika na cheti iko huku pia, haiishi. Naomba nirudi kwa kompresa kidogo, kwa sababu hakuna aliyetaja maji. Hewa ikikandamizwa, unyevu wake unageuka maji ndani ya tanki. Nyinyi mko pwani, yenu itajaza maji haraka kuliko yetu ya huku juu. Fungua ile valvu ya chini kila ukimaliza kazi. Usipofanya hivyo tanki linaoza kutoka ndani, nje unaona rangi safi tu, siku moja linapasuka. Msinunue tanki la mtumba ambalo hamjui historia yake. Na hewa msiipitishe kwa paipu za plastiki za maji, zikipasuka vipande vyake vinaruka kama kisu.

Mpangaji wa Sinza
Nyumba zetu zimebanana. Jirani yangu ana kompresa ile isiyotumia oili, Jumapili saa moja asubuhi anaiwasha. Mtoto analia, mgonjwa hapumziki. Zile za oili zenye mkanda zina afadhali, lakini nazo zikipigwa ukutani kwa mtu ni kero. Kelele za makazi zina sheria, watu wa mazingira hawajawekwa kwa ajili ya baa peke yake. Na hizo oili mnazomwaga wenyewe mnazipeleka wapi? Mimi naona mtaro wa mtaa wetu ni mweusi. Visima viko palepale.

Binti Kigamboni
Yangu naiweka kwenye dumu na kuna gereji wanaichukua. Usitujumlishe.

Mpangaji wa Sinza
Fundi alisema hivyo hivyo juu ya neno "mafundi", mkamshangaa.

Kidume cha Temeke
Fundi, mimi nina kesi moja na nyinyi. Mnakaza nati za tairi kwa bunduki ya upepo mpaka mwisho. IST kipimo chake ni nyutoni mita 103, inafikika kwa wili spana na mkono wa kawaida. Nimepata pancha kabla ya Chalinze, usiku, familia ndani ya gari. Nimesimama juu ya wili spana kwa uzito wangu wote, nati haitikisiki. Lori likipita gari zima linayumba. Hiyo ndiyo kazi ya cheti au ya mwembe?

Fundi wa Gerezani
Hiyo ni kazi ya kijana wa pancha mwenye haraka, na nakubali ni hatari. Kwangu bunduki inasogeza nati tu, mwisho ni toki renchi, ile inayolia ikifika kipimo. Ninayo, njoo uione.

Mbagala Rangi Tatu
Mleta mada, na wewe nunua hiyo toki renchi kabla ya kompresa.

Chuma cha Tabata
Nimesikia. Ila bado naipenda kompresa, kuna siku nitataka kupuliza vumbi kwenye filta na redieta. Na umeme wa huku jioni unashuka, taa zinafifia. Kompresa ya farasi mbili itawaka kweli?

Kirinyaga Road
Stima ikiwa chini mota itanguruma bila kuzunguka, na ukiiacha hivyo inaungua. Tumia asubuhi. Usiongeze waya mwembamba wa eksitensheni, ongeza mpira wa hewa.

Cheti Kwanza
Fundi hajanijibu. Kama utaratibu wa kurasimisha upo, yeye mwenyewe amekwenda?

Fundi wa Gerezani
Nimekwenda. Cheti kiko ukutani, pembeni ya toki renchi. Na bado wewe ungelifunga banda langu, kwa sababu liko chini ya mwembe.