Kutoka Mombasa hadi Kiwayu kwa chombo kidogo mwezi wa Desemba: je, ratiba hii inawezekana?

Binti wa Kuze:

Assalamu alaikum, ndugu zangu. Tuko watu wanane wa nyumba moja, mkubwa wetu ni baba yangu mwenye umri wa miaka 73 na mdogo wetu ni mtoto wa miaka 9, na tumekusudia kukodi chombo chenye tanga, injini na vyumba vya kulala kwa siku saba katikati ya Desemba. Mwenye chombo ametuandikia ratiba: tutoke Mombasa alfajiri na kulala Kilifi, siku ya pili tupitie Watamu na Malindi, usiku huo tuvuke Ghuba ya Ungwana hadi Lamu, kisha magofu ya Takwa kisiwani Manda saa nne asubuhi, Siyu na Shanga za kisiwa cha Pate mchana wake, kisiwa cha Kiwayu kesho yake, na siku mbili za mwisho ziwe za kurudi Mombasa.

Safari yenyewe ni kwa ajili ya baba. Ujanani alikuwa baharia wa jahazi lililoleta boriti Bandari ya Kale kutoka Lamu, na tangu alipoacha kazi hiyo hajaipita tena njia ile kwa maji. Nilipompa ratiba aliisoma mara mbili, akaikunja, akauliza jambo moja tu: "Huyu bwana amekwambia upepo gani?" Sikuwa na jibu, na yeye hakuongeza neno.

Naomba wanaoijua njia hii wanieleze kama ratiba inatekelezeka, kama hapana tupunguze nini, na kama ni busara kumpeleka mzee na mtoto mpaka Kiwayu.

Nahodha Mstaafu, Mtwapa:

Waalaikumu salaam, mwanangu. Babako alikujibu siku ile ile, ila alikujibu kwa swali kama ilivyo desturi ya watu wa chombo.

Katikati ya Desemba pepo za kaskazi huwa zimekwisha kushika, na Lamu iko kaskazini mashariki ya Mombasa, yaani kule kule upepo unakotoka. Umbali kwa njia iliyonyooka ni kama maili 130 za baharini, au kilomita 240, na chombo cha mwendo wa maili sita kwa saa kingezimaliza kwa saa 22 bahari ikiwa shwari na bila kusimama popote. Sasa ongeza upepo wa omo, yaani unaokuja kwa mbele. Kwa tanga mtalazimika kupiga bisho, mara mkielekea bahari kuu, mara mkirudi kwenye miamba, na njia itakuwa karibu mara mbili ya hiyo. Wazee wetu hawakuwa wajinga waliposubiri kusi, upepo wa kusini, ndipo wapande, na kaskazi ndipo washuke.

Tena kuna jambo la maji yenyewe. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini mwaka mzima, lakini msimu wa kaskazi hupungua nguvu, na huko mbele hukutana na mkondo wa Somalia unaoteremka kusini. Pale ambapo mkondo unapanda na upepo unashuka, mawimbi hayawi marefu ya kubembeleza. Husimama mafupi, yamekaribiana, na chombo kidogo hupiga omo usiku kucha. Ghuba ya Ungwana, ambako Mto Tana unamwagika, ndiyo sehemu mbaya zaidi, kwa sababu ufuo ni wa maji haba na hakuna pa kukimbilia gizani.

Ushauri wangu ni kuigeuza safari. Chombo na kitangulie Lamu na mabaharia wake, nanyi mpande ndege hadi Manda au basi la mchana hadi Mokowe mkavushwe kwa boti. Mtembee visiwani mkiwa hamjachoka, kisha mrudi Mombasa kwa tanga, kaskazi ikiwa tezi, yaani nyuma yenu. Mkondo utawadai kidogo, lakini upepo utalipa. Mkitoka Lamu alasiri mtaingia Kilifi kesho yake asubuhi, maili 100 na ushei, na hori la Kilifi lina kina kizuri na ni pa kutulia. Malindi msiitegemee usiku. Mto Sabaki huleta tope jingi na si mahali pa kupapasa.

Mpenda Bahari, Nyali:

Kwa heshima zote, Mzee, nahisi unamtisha dada bila haja kubwa. Chombo chake kina injini, na mimi nimepanda Lamu kwa injini mwezi wa Desemba, tukatumia saa 27 kutoka Kilindini na tukafika salama. Hatukufungua tanga hata mara moja.

Lakini nitasema na upande wa pili, kwa kuwa ameuliza kuhusu mzee na mtoto. Tulikuwa watano, na bahari iliwalevya watatu kabla hatujaipita Malindi. Mwenye chombo, ambaye simtaji, alikuwa ametuahidi chakula cha moto, kumbe jiko halikuwa na kingo za kuzuia sufuria, na wali wote ukamwagika kwenye ngama, kule chini kabisa ndani ya chombo, saa mbili usiku. Tulikula mkate na ndizi mpaka Lamu. Kwa vijana ni hadithi ya kuchekesha.

Kwa nini dada usifikirie upande wa kusini? Shimoni, Wasini na hifadhi ya Kisite-Mpunguti si mbali, pomboo ni wengi, matumbawe yanaonekana hata kwa mtoto anayeelea juu ya maji, na mnaweza kulala nchi kavu kila usiku.

Nahodha Mstaafu, Mtwapa:

Sikusema haiwezekani, bwana wa Nyali. Nimesema anayepelekwa ni mzee aliyeijua njia hiyo kwa tanga, na kumpitisha hapo usiku kwa kelele ya dizeli, amejikunja kitandani, si kumrudisha alikotoka. Wasini ni pazuri, lakini boriti za babake hazikutoka Wasini.

Mwamu:

Dada, mimi ni mtu wa Lamu, ingawa kwa sasa nafanya kazi Mombasa. Mzee ameshamaliza habari ya upepo. Mimi nitasema habari ya maji kujaa na kupwa, kwa maana ndani ya visiwa vyetu hayo ndiyo yanayopanga ratiba.

Kwanza angalia tarehe zako zinaangukia siku gani ya mwezi. Mwezi ukiandama, na vilevile ukiwa mpevu, huwa ni bamvua, yaani maji makubwa: hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku inayofuata saa hizo husogea mbele kwa kama dakika 50. Ukifika mwezi wa siku nane hivi, maji hujaa saa nne, ila hayo ni maji mafu, hayapandi sana. Kwa hiyo ratiba inayosema "Takwa saa nne asubuhi" haimaanishi kitu mpaka ujue mwezi ni wa ngapi. Ikiwa ni bamvua, saa nne kijito cha Takwa ni tope na mizizi ya mikoko, na mtakaa mkitazamana na kaa. Nimewahi kupwelewa pale na wageni kwa saa nne na zaidi, kwa kuwa mmoja wao alitaka picha moja zaidi ya ile nguzo iliyo juu ya ukuta wa kibla wa msikiti. Ingieni saa tisa alasiri maji yakijaa, mtoke kabla ya saa kumi na moja. Mji ule ulihamwa katika karne ya 17, na wazee wa Shela, ambao asili yao inahusishwa na watu wake, bado huenda huko kuomba mvua; basi mvae na mtembee ipasavyo.

Pili, Siyu na Shanga katika mchana mmoja pamoja na Takwa, hapana. Kutoka Lamu kwenda kisiwa cha Pate mtapita Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, na chombo chenye mkuku mrefu, ule uti wa chini unaozama majini, hakina budi kungoja maji au kuzunguka kwa nje. Siyu nayo haifikiki kwa chombo kikubwa. Mtashuka kwenye mashua ndogo. Ngome ya Siyu inastahili nusu siku, kwa kuwa ni ya watu waliomkatalia Sultani wa Unguja kwa miaka mingi. Kutoka hapo hadi magofu ya Shanga ni mwendo wa miguu katika jua, na babako hatauweza. Shanga ndiko wachimbaji wa mambo ya kale walikokuta, katika miaka ya 1980, misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine, wa chini kabisa ukiwa wa miti na wa karne ya 8. Mwanafunzi atafurahi, mzee anaweza kubaki Siyu na wazee wenzake wakanywa kahawa.

Badala yake mpeni siku nzima Matondoni. Ni kijiji cha mafundi wa vyombo upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, na karibu siku zote kuna jahazi au mashua iliyopwelezwa ufuoni ikitiwa kalafati. Fundi husokota pamba, huichovya mafuta, kisha huisukuma kati ya mbao kwa patasi butu na nyundo, pigo moja moja, na fundi mzuri hujua kwa sauti kama pamba imeshika. Mzee aliyepanda jahazi atakwenda kugusa mshono huo kwa kidole kabla hujamwambia aketi.

Kuhusu Kiwayu nitasema wazi. Ni kisiwa chembamba kirefu, kilomita 50 hivi kutoka mji wa Lamu, ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga iliyoanzishwa mwaka 1979, na kasa hupanda kutaga kwenye fukwe zake. Lakini ni umbali kama huo huo kutoka mpaka wa Somalia, na Septemba 2011 mtalii mmoja aliuawa karibu na hapo, naye mkewe akatekwa. Hali imebadilika tangu wakati huo, ila serikali kadhaa za nje bado huwaonya raia wao wasiukaribie mpaka. Msiamue kwa maneno ya mwenye chombo. Waulizeni walinzi wa pwani wiki ile ile mnayosafiri, na muone kwa macho yenu cheti cha chombo kutoka Mamlaka ya Bahari ya Kenya na maboya ya kuvaa ya watu wote, likiwemo la kipimo cha mtoto.

Binti wa Kuze:

Nawashukuru nyote, na wewe pia kaka wa Nyali, maana habari ya wali kwenye ngama imemfanya mama kukataa katakata kupanda.

Nimemsomea baba majibu yenu baada ya magharibi. Kwa Nahodha alitikisa kichwa tu, kama mtu anayesikia jambo alilolijua. Tumekubaliana kwenda Mokowe kwa basi, kulala Lamu usiku nne, na kurudi kwa tanga hadi Kilifi, Kiwayu tumeiacha. Mwenye chombo hakupendezwa, akisema atachoma mafuta bure kupanda bila abiria, na sasa anadai tumlipe gharama hiyo. Je, ni haki yake?

Baba anauliza tena: tukifika mwezi wa siku 13, tuingie Takwa saa ngapi?

Nahodha Mstaafu, Mtwapa:

Mlipeni nusu ya mafuta, na iandikwe kwenye mkataba kabla ya kutoa arubuni. Asipokubali, chombo kingine mkitafute huko huko Lamu. Vipo, na wenyewe hawana safari ya kupanda.

Mwamu:

Mwezi wa siku 13 maji yatajaa kati ya saa nane na saa tisa alasiri, na yatakuwa yanakaribia bamvua, kwa hiyo kina hakitawapa shida. Ingieni saa saba na nusu, mtoke saa tisa na nusu. Lakini hakikisheni kwa mzee: yeye akisema mapema zaidi, mfuateni yeye.